Namna ya Kumsaidia Mtoto Katika Hesabu za Mafumbo

Likizo inakaribia, na wengi wenu mtarudi nyumbani kwa wazazi. Huko mtawakuta wadogo zenu wa Darasa la Kwanza, la Pili na la Tatu, nao hawatangoja mpumzike uchovu wa safari. Wataleta madaftari yao na kusema, "Kaka, nisaidie hesabu hii," au, "Dada, mwalimu ametupa mafumbo." Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu huitazama hesabu hiyo mara moja, hucheka kidogo, huchukua kalamu, huandika 12 − 5 = 7, kisha hurudisha daftari. Mtoto hufurahi, kesho yake hupata vema, na hapana kitu alichojifunza.

Mimi ni mwalimu wa hesabu, na nimeona yafaa niandike juu ya jambo hili, kwa wanafunzi na kwa wazazi pia, kwa sababu hasara yake hatimaye hufika darasani kwangu. Kila mwaka nikiwaandikia wanafunzi wa Kidato cha Kwanza ubaoni x + 5 = 12, karibu wote hujibu upesi. Lakini nikisema jambo lile lile kwa maneno, kwamba mtu alikuwa na kitu fulani, akaongezewa 5, akawa na 12, basi kalamu husimama, na mkono mmoja huinuliwa nyuma: "Mwalimu, hapa tunajumlisha au tunatoa?"

Mwanafunzi aulizaye hivyo hakukosa hesabu. Kujumlisha anajua, na kutoa anajua. Alichokosa ni desturi ya kulitazama jambo lenyewe kwanza, nani alikuwa na nini, kikatokea nini, na sasa kinaulizwa nini. Desturi hiyo hupandwa mtoto angali na miaka sita au saba au minane. Isipopandwa wakati huo, kuipanda katika sekondari ni kazi ngumu, na hasa katika nchi yetu ya Tanzania, ambako mtoto aliyesoma hesabu kwa Kiswahili katika shule ya msingi ya serikali huja kuzikuta sekondari zimeandikwa kwa Kiingereza. Aliyezoea kuwinda neno moja moja katika lugha anayoielewa, atafanya nini katika lugha anayojifunza?

Jina lenyewe la "mafumbo" silipendi sana. Mtu anayefumba maneno hukusudia kuficha, na mtoto akisikia neno hilo hudhani mwalimu amemtegea mtego. Hesabu ya namna hii haina mtego. Ni hadithi fupi yenye namba ndani yake, na sehemu moja ya hadithi haikusemwa. Lakini jina limekwisha kuzoeleka, nami sitaligombania.

Sasa tutazame dawa ambayo wengi huwapa watoto. Huwaambia: "Ukiona neno jumla, au zaidi, au alipewa, jumlisha. Ukiona baki, au alitoa, au alipoteza, toa." Dawa hii ni ya upesi, na katika ukurasa wa kwanza wa kitabu hufaulu kabisa. Ndiyo sababu inapendwa. Lakini mpe mtoto aliyekunywa dawa hiyo maswali haya matatu:

Neema ana maembe 8. Maembe yake ni 3 zaidi ya ya Baraka. Baraka ana maembe mangapi?

Hamisi alipewa na mama yake shilingi 200. Sasa ana shilingi 500. Mwanzo alikuwa na shilingi ngapi?

Rehema aligawa maandazi 4, akabaki na maandazi 6. Mwanzo alikuwa na maandazi mangapi?

Katika la kwanza ataliona neno "zaidi", naye atajumlisha na kupata 11. Katika la pili ataona "alipewa", atajumlisha, na Hamisi atakuwa alianza na shilingi 700, akapewa 200, akawa na 500! Katika la tatu ataona "akabaki", atatoa, na Rehema aliyekuwa na maandazi 2 atakuwa amegawa 4 na bado akabaki na 6. Majawabu ya kweli ni maembe 5, shilingi 300 na maandazi 10. Angalieni kwamba mtoto huyu hakukosea hesabu hata moja: 8 na 3 ni 11 kweli, na 6 kutoa 4 ni 2 kweli. Amefanya sawasawa kila alichoambiwa, na majawabu yote matatu yamekuwa upuuzi.

Jambo hili si la kwetu tu. Yapata mwaka 1980, walimu wa chuo cha utafiti wa mafundisho ya hesabu mjini Grenoble, Ufaransa, waliwapa watoto wadogo wa shule swali hili: Katika merikebu kuna kondoo 26 na mbuzi 10. Nahodha ana umri wa miaka mingapi? Watoto waliulizwa walikuwa 97. Kati yao 76 walitoa jawabu kwa kutumia namba zile. Wala si vigumu kukisia wengi walivyofanya: 26 na 10 ni 36, nao ni umri unaomfaa nahodha. Watoto hawa hawakuwa wajinga. Walikuwa wamejifunza shuleni kwamba kila swali la mwalimu lina jawabu, na kwamba kila namba iliyotajwa sharti itumike. Mtoto huyo huyo, ukimwuliza nje ya darasa umri wa nahodha kwa hesabu ya mbuzi, atakucheka.

Basi neno moja halitoshi kumwongoza mtoto. Na katika Kiswahili liko jambo jingine ambalo wengi hatulifikirii, kwa kuwa tumelizoea mno. Lugha yetu hugeuza maana ya kitendo kwa silabi moja au mbili ndani ya neno. Tazameni:

Juma alimpa Asha machungwa 4.
Juma alipewa na Asha machungwa 4.

Majina ni yale yale kwa mpango ule ule, na namba ni ile ile. Kilichogeuka ni sehemu ndogo ya neno moja, na kwa sehemu hiyo machungwa yamehama upande. Katika ya kwanza Juma amepungukiwa, katika ya pili Juma ameongezewa. Kadhalika "aliuza" na "aliuziwa", "alikopa" na "alikopesha", "amezidi" na "amezidiwa". Aliyekopa shilingi 300 mfuko wake umejaa kidogo, ijapokuwa ana deni; aliyekopesha shilingi 300 mfuko wake umepungua. Mtu mzima huisikia tofauti hiyo bila taabu. Mtoto wa Darasa la Pili asomaye herufi kwa herufi, a-li-ko-pe-sha, akifika mwisho wa neno amekwisha kusahau mwanzo wake, na macho yake yanakimbilia 300 kwa kuwa namba ni rahisi kuliko neno. Tena wako watoto wengi ambao nyumbani husema Kisukuma, au Kiha, au Kimaasai, na maneno haya huyakutia shuleni. Mtoto kama huyo akikosa, usiseme upesi kwamba hajui hesabu. Huenda hakusikia nani alimpa nani.

Kwa hiyo shauri langu la kwanza ni hili, na kama mtashika moja tu katika haya niandikayo, shikeni hili: simulieni hadithi kwanza bila namba. Funika namba kwa kidole. Mwambie mtoto, "Asha alikuwa na machungwa. Akampa Juma machungwa kidogo. Je, sasa Asha ana machungwa mengi kuliko mwanzo, au machache?" Mwulize, "Nani alitoa? Nani alipokea? Tunatafuta ya nani?" Akijibu haya sawasawa, hesabu imekwisha nusu. Akishindwa, basi hapana faida ya kumpa kalamu. Namba zisipokuwako mtoto hana cha kujumlisha wala cha kutoa, hana budi kuisikiliza hadithi.

Lugha yetu inayotatiza kwa silabi zake vilevile inasaidia. Neno la kuuliza hufuata kitu kinachoulizwa: wangapi, mangapi, vingapi, mingapi. Watoto 9 wamekuja, na viti ni 6. Ukiuliza, "Watasimama wangapi?" jawabu ni watoto 3. Ukiuliza, "Vimepungua vingapi?" jawabu ni viti 3. Mfundishe mtoto kutaja kitu pamoja na namba, wala asiandike 3 peke yake. Mtoto aliyeandika "viti 3" alipoulizwa "wangapi" atasikia kwa sikio lake kwamba pana kombo, kabla mwalimu hajamwambia.

Sasa nitaeleza habari ya kulinganisha, maana hiyo ndiyo huwashinda watoto kuliko nyingine zote. Kupata na kupoteza mtoto anakujua tangu alipoanza kutambaa. Lakini "Asha anamzidi Juma kwa machungwa mangapi?" ni jambo geni. Hapo hapana aliyetoa wala aliyepokea. Machungwa yametulia mahali pake, na bado anaambiwa atoe. Atoe nini, naye ampe nani? Neno letu "kutoa" lenyewe humpotosha, kwa kuwa nyumbani kutoa ni kuondoa kitu mahali.

Mtafiti mmoja, Tom Hudson, alitangaza mwaka 1983 majaribio aliyoyafanya juu ya jambo hili. Aliwaonyesha watoto picha za ndege 5 na minyoo 3. Kwanza aliwauliza, ndege wamezidi minyoo kwa wangapi? Kisha aliwauliza kwa namna nyingine: ndege wote wakikimbilia minyoo, na kila ndege akitaka mnyoo mmoja, ndege wangapi watakosa? Katika watoto wadogo wa chekechea, waliojibu vema swali la namna ya kwanza walikuwa 17 tu kwa kila 100. Swali la namna ya pili walilijibu vema 83 kwa kila 100. Na wale wa darasa la kwanza, 64 kwa kila 100 waliweza la kwanza, na la pili waliliweza wote. Ndege ni wale wale, minyoo ni ile ile, na jawabu ni 2 katika maswali yote mawili.

Nami nashauri tufanye hivyo hivyo nyumbani. Usianze na "amemzidi". Anza na "watakaokosa". Wageni 7 na vikombe 5, wageni wangapi watakosa chai? Panga vizibo vya soda 7 mstari mmoja, kisha panga vizibo 5 chini yake, kimoja kwa kimoja, mtoto aone kwa macho vile viwili visivyo na mwenzi. Baada ya siku mbili tatu mwambie, "Wale wawili waliokosa, ndio hao tunaosema wageni wamezidi vikombe kwa 2." Neno litaingia mahali ambapo maana imekwisha kukaa.

Vizibo, kokoto, mbegu za ukwaju, vijiti, vyote vyafaa. Wako wanaosema kwamba kuhesabu kwa vitu ni uvivu na mtoto ahesabu kwa akili. Sikubaliani nao. Thomas Carpenter na Elizabeth Fennema wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, pamoja na wenzao, waliwachunguza watoto wadogo kwa miaka mingi, na kitabu chao kilichotoka mwaka 1999 kinaeleza jinsi watoto ambao hawajafundishwa kanuni yoyote wawezavyo kufumbua hesabu nyingi za namna hii kwa kuigiza hadithi kwa vitu: huweka, huondoa, hulinganisha, huhesabu. Baadaye wenyewe huacha vitu na kutumia vidole, kisha huacha vidole na kuhesabu kutoka namba kubwa kwenda mbele. Anayeambiwa ajumlishe 2 na 9 siku moja hugundua kwamba ni rahisi kuanza na 9 akasema kumi, kumi na moja. Hapana haja ya kumnyang'anya kokoto. Ataziacha mwenyewe zitakapomchosha.

Hadithi ambayo ni ngumu kuigiza ni ile isiyotaja mwanzo wake. Ukisema Hamisi alikuwa na gololi 7 akashinda 5, mtoto huweka 7, huongeza 5, na kuhesabu. Ukisema alikuwa na gololi kadhaa, akashinda 5, sasa anazo 12, mtoto hana cha kuweka mwanzoni. Mkono wake hauna pa kuanzia. Siku moja alasiri binti wa jirani yangu, wa Darasa la Pili, aliniletea hesabu hiyo hiyo. Akanisalimu, "Shikamoo, mwalimu." Nikaitikia, "Marahaba, mwanangu. Umepata ngapi?"

"Kumi na saba."

Sikumwambia kwamba amekosa. Nilichukua bakuli nikalifunika kifudifudi mezani. "Gololi za Hamisi za mwanzo zimo humu chini," nikasema. "Hatuzioni. Wewe wasema ni ngapi?"

"Kumi na saba."

"Haya. Halafu akashinda tano. Ziweke hapa kando." Akaweka kokoto 5 kando ya bakuli. "Sasa Hamisi ana ngapi zote?"

Akafikiri, akitikisa vidole. "Ishirini na mbili."

"Na hadithi inasemaje?"

Akalitazama daftari, kisha bakuli, kisha akaziba mdomo kwa mkono akicheka. "Kumi na mbili! Humu haziwezi kuwa nyingi hivyo."

Akanyamaza kitambo. Kisha akahesabu kokoto 12 kutoka rundo, akatenga 5, akaniambia kwamba zilizosalia ndizo zilizokuwa chini ya bakuli, nazo ni 7. Hakuniuliza kama atoe au ajumlishe. Nilimwambia ahakikishe, naye akasema, "Saba, akashinda tano, kumi na mbili," akaenda zake.

Wanafunzi wa Kidato cha Kwanza, bakuli lile ndilo x yenu. Hapana siri nyingine ndani yake.

Iko njia nyingine ya kufumbua hesabu kama hiyo, nayo ni ya mwenye duka. Mnunue kitu cha shilingi 350, mkampa shilingi 500. Mwenye duka wa zamani hachukui karatasi kuandika 500 kutoa 350 na kukopa kutoka mamia. Husema, "Mia tatu na hamsini," akaweka sarafu ya 50, "mia nne," akaweka sarafu ya 100, "mia tano." Amekupa 150, naye hakutoa kitu chochote, amepanda kutoka bei hadi fedha uliyompa. Hivi ndivyo kutoa kunavyokuwa kutafuta pengo kati ya namba mbili, wala si kuondoa tu. Mtoto aliyetumwa dukani mara kwa mara anaijua njia hii kabla hajafundishwa, na ni vibaya mno kumwambia kwamba hiyo si hesabu. Akiandika 350 + 150 = 500, na akaipigia mstari 150, amepata, na apewe vema. Najua wako wenzangu wanaodai lazima iandikwe 500 − 350 = 150, nami nasema hayo yatafuata; kwanza tuhakikishe mtoto anajua alichokitafuta. Na kwa habari ya kutoa, hata saa zetu zimejaa kutoa. Mtoto asemaye "saa tatu kasorobo" ameitaja saa tatu, kisha akaipunguza robo, wala hakuna aliyemwandikia alama ya kutoa.

Kwa wazazi napenda kusema neno. Mzazi ambaye hakupata bahati ya kusoma asidhani kwamba jambo hili halimhusu. Hesabu hizi ni hadithi, na hadithi haitaki cheti. "Kuku wametaga mayai 9, tumekula 4, yaliyobaki ni mangapi?" Au, "Jana nilileta ndoo kadhaa za mahindi, leo nimeongeza 3, sasa ni 8. Jana nilileta ngapi?" Mtoto akikosa, msimulie tena, umwonyeshe kwa vitu. Kofi halifundishi kutoa, humfundisha mtoto kukisia upesi ili aondoke karibu nawe, na mtoto anayekisia upesi ndiye yule wa nahodha na mbuzi. Wala msimrundikie maswali kumi kwa jioni moja. Hadithi moja ikigeuzwa mara tatu, mara ufiche mwisho, mara ufiche katikati, mara ufiche mwanzo, humfaa kuliko ukurasa mzima wa hesabu za namna moja.

Jaribio zuri kuliko yote ni kuligeuza jambo. Mwandikie mtoto 9 − 4 = 5, kisha mwambie akutungie hadithi yake. Akisema, "Nilikuwa na maembe 9, nikala 4," mwombe nyingine isiyo ya kula wala kupoteza. Akiweza kutunga ya kulinganisha, kwa mfano ya dada mwenye miaka 9 na mdogo mwenye miaka 4, basi huyo amefika mbali. Wengine watatunga vichekesho visivyo na maana. Mwacheni acheke, kisha mwulizeni hesabu ile imo wapi ndani yake.

Nanyi wanafunzi wa sekondari, jambo hili litawafaa ninyi wenyewe. Mkipewa swali lenye namba kubwa, au lenye senti na desimali, au lililoandikwa kwa Kiingereza kigumu, lisimulieni kwanza kwa Kiswahili mkiwa mmeweka namba ndogo, 2 na 5 na 8. Mkishajua la kufanya kwa namba ndogo, zirudisheni namba zake. George Pólya, mtaalamu wa hesabu aliyezaliwa Budapest, aliandika mwaka 1945 kitabu mashuhuri juu ya namna ya kufumbua maswali, na hatua ya kwanza aliyoiweka ni kulielewa swali, na ya mwisho kulirudia jawabu na kulitazama tena. Wengi wetu huzifanya zile za katikati tu. Kwa mtoto mdogo, kulitazama tena jawabu ni kulirudisha ndani ya hadithi kama alivyofanya binti yule kwa bakuli.

Haya ni maswali machache ya kwenda nayo nyumbani. Msomeeni mtoto polepole, bila namba kwanza, na vizibo viwe karibu.

1. Babu ana mbuzi 14. Mbuzi 6 ni weupe, na wengine wote ni weusi. Mbuzi weusi ni wangapi?

2. Saidi alimkopesha rafiki yake shilingi 200, akabaki na shilingi 300. Kabla ya kumkopesha alikuwa na shilingi ngapi?

3. Mwanaidi ana daftari 7. Amemzidi Zuhura daftari 2. Zuhura ana daftari ngapi?

4. Mwanaidi ana daftari 7. Amezidiwa na Zuhura daftari 2. Zuhura ana daftari ngapi?

5. Wageni 11 wamefika. Vikombe ni 8. Wageni wangapi watakosa vikombe?

6. Basi lilikuwa na abiria 15. Kituoni walishuka 4, kisha wakapanda wengine. Sasa abiria ni 18. Waliopanda ni wangapi?

7. Mzee mmoja ana ng'ombe 9 na kuku 6. Nyumba yake ina milango mingapi?

Majawabu: la kwanza, mbuzi 8, la pili, shilingi 500, la tatu, daftari 5, la nne, daftari 9, la tano, wageni 3, la sita, abiria 7. La saba halina jawabu, na mtoto atakayekataa kulijibu apewe alama zake zote.